Uzi Usioonekana: Historia ya Sindano na Nyuzi za Shanga Chini ya Mlima Meru

Kazi ya shanga ya Wamasai na Waarusha wanaoishi kuzunguka Mlima Meru husimama juu ya vitu vitatu: ushanga wenyewe, uzi unaoushika, na sindano au chochote kinachoshika nafasi ya sindano. Cha kwanza kimeandikiwa mengi, hasa rangi zake na maana zinazohusishwa nazo. Viwili vilivyobaki hutajwa kwa nadra, pengine kwa sababu kazi ikifanywa vizuri uzi hauonekani kabisa. Lakini ushanga wa kioo hauozi. Kinachoamua kama ukosi wa shingoni utadumu miezi sita au miaka thelathini ni uzi, na kinachoamua uzi gani utumike ni upana wa tundu la ushanga. Kwa hiyo mtunga shanga anapochagua vifaa vyake huanzia kwenye tundu, kisha huja kwenye uzi, na mwisho kwenye sindano.

Kabla ya kioo kuwa kingi, ushonaji wa eneo hili ulikuwa wa ngozi. Waarusha, wasemaji wa Kimaa waliotokea Arusha Chini na kuhamia miteremko ya kusini-magharibi ya Meru kuanzia kama miaka ya 1830, walikuwa wakulima wa migomba na mahindi, ila mavazi yao yalifanana na ya ndugu zao wafugaji wa nyikani: ngozi za mbuzi, kondoo na ndama zilizolainishwa kwa mafuta. Ngozi haipenyeki kwa sindano nyembamba. Mshonaji hutoboa kwanza kwa maharazi, yaani chuma chenye ncha kilichofungwa kwenye mpini, kisha hupitisha uzi kwenye tundu lililo tayari. Maharazi hayo yalitoka kwa wahunzi, ambao kati ya Wamasai ni kundi la watu wa pekee, Ilkunono, walioishi kando ya jamii nyingine huku kila mtu akizihitaji bidhaa zao.

Uzi wa ngozi ulikuwa kano. Ukano mrefu wa mgongoni mwa ng'ombe huondolewa mnyama akichinjwa, hukaushwa, kisha huchanwachanwa kuwa nyuzi nyembamba. Mshonaji huulowesha uzi mmoja kwa mate, huusokota kwa kiganja juu ya paja, na huacha ncha yake ikauke hadi iwe ngumu. Ncha hiyo ndiyo sindano. Kano iliyolowa hunyumbulika na kupita popote, kisha ikikauka hujikaza, hivyo mshono hujifunga wenyewe bila fundo kubwa. Hakuna uzi wa dukani uliowahi kuja Arusha wenye sifa hiyo. Udhaifu wa kano ni kwamba ni fupi, kwa hiyo kazi ndefu huhitaji kuunganishwa mara kwa mara. Tena ni nyama: wadudu huila, na unyevu wa masika, ambao upande wa kusini wa Meru si haba, huiozesha.

Nyuzi za mimea zilijaza pengo hilo. Mkonge wa porini, ule wenye majani manene yaliyochongoka kama mikuki, huitwa oldupai kwa Kimaa, na jina hilo ndilo lililopewa bonde maarufu la mabaki ya kale huko Ngorongoro, ambalo wageni walilisikia vibaya wakaliandika Olduvai. Jani hupondwa na kukwanguliwa mpaka nyama yake ya kijani itoke na kubaki nyuzi nyeupe. Hizo husokotwa kuwa kamba za kila aina, kuanzia za kufungia ndama hadi nyembamba za kutungia. Uzi wa oldupai ni mrefu kuliko kano na haupendwi na wadudu, lakini una vinyweleo vinavyokwama tunduni. Shanga zenye tundu pana huupokea, ila shanga ndogo huukataa.

Na shanga ndogo ndizo zilizokuja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara kutoka Pangani ilipanda bonde la Ruvu kuelekea Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai, ikibeba nguo, masango ya shaba na ya chuma, na shanga, na kurudi na pembe za ndovu. Kati ya wakuu wa misafara hiyo aliyejulikana sana ni Jumbe Kimemeta wa Pangani, ambaye Mskochi Joseph Thomson aliambatana naye katika safari yake ya mwaka 1883 na 1884, na baadaye Mhungari Sámuel Teleki naye akamtegemea alipopita kanda hizi mwaka 1887. Misafara ilipofika Taveta ilitua kwa muda mrefu ili kutunga upya shanga zote. Wamasai hawakukubali shanga zilizo huru au zilizotungwa kwa kipimo cha Ulaya. Walitaka nyuzi za urefu wao. Wapagazi walikaa siku nyingi wakitunga, na jambo hilo lilimkera Thomson kiasi cha kuliandika. Hilo linaonyesha kitu ambacho wasimulizi wa biashara hiyo hukipita haraka: ushanga uliingia sokoni ukiwa na uzi wake, na kipimo cha uzi ndicho kilichokuwa bei.

Kioo chenyewe kilitengenezwa Venezia na Bohemia, ambako mji wa Jablonec uligeuka kuwa kitovu cha biashara hiyo. Mafundi huvuta kioo cha moto kuwa mrija mrefu mwembamba wenye uwazi katikati, huukata vipande vifupi, kisha huvizungusha kwenye joto ili kingo zikali zilainike. Vitu viwili kwenye njia hiyo humhusu mtu wa uzi. Kwanza, tundu hupungua kadiri mrija unavyovutwa, hivyo ushanga mdogo una tundu dogo sana: ushanga wa namba 10, ambao una upana wa karibu milimita 2.3, huwa na tundu lisilofika milimita moja. Pili, pale kingo zisipolainika vyema, kila ushanga huwa na msumeno mdogo pande zote mbili. Mvaaji anapotembea, shanga hugongana na kusogea, na kingo hizo hukata uzi polepole kutoka ndani. Mkufu hukatika siku moja bila mtu kuuvuta, na mvaaji hulaumu mtoto.

Miaka ya 1890 ilivuruga kila kitu. Sotoka iliua ng'ombe wengi wa Wamasai mwanzoni mwa muongo huo, ndui na njaa vikafuata, na wafugaji wengi waliofilisika wakakimbilia kwa Waarusha mlimani, wakaoa, wakaolewa, wakalima. Mapambo ya Waarusha na ya Wamasai wa nyikani yanafanana mno, na kukaa pamoja kwa kipindi hicho ni sababu mojawapo. Kisha mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri upande wa Wameru, majirani wa Waarusha, na Wajerumani wakalipiza kisasi kikali kwa vita vilivyoharibu migomba, mifugo na maisha ya watu. Boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, lilikamilika karibu na mwaka 1900 kwa nguvu za watu waliolazimishwa kujenga. Chini ya boma hilo yakaota maduka, mengi yakiwa ya Wahindi, na kwenye maduka hayo mwanamke wa Kiarusha aliweza kununua ushanga kwa kipimo bila kusubiri msafara, na pembeni yake sindano ya chuma cha pua na uzi wa pamba.

Sindano hiyo ilitoka mbali. Mji wa Redditch nchini Uingereza ulikuwa ukitengeneza sehemu kubwa ya sindano zote za dunia katika karne ya 19, na viwanda vya Ujerumani, kama vile vya Aachen na Iserlohn, vilishindana nao. Namba zake huwasumbua wanaoanza mpaka leo, kwa kuwa zinakwenda kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Sindano ya shanga ya namba 10 ina unene wa karibu nusu milimita, na ya namba 12 ni nyembamba zaidi. Ni ndefu na hupinda, na tundu lake ni jembamba kiasi kwamba kulitunga uzi ni shughuli ya macho ya binti na si ya bibi yake. Kinachosahaulika ni kuwa sehemu nene ya sindano ni pale tunduni, ambapo uzi umejikunja mara mbili. Sindano inayopita kwenye ushanga ikiwa tupu inaweza kukwama ikiwa na uzi. Akilazimisha, mtungaji huvunja ushanga au sindano, na mara nyingi ni ushanga.

Uzi wa pamba ulikuwa rahisi, laini, na mrefu kupita kano yoyote. Pia ulikuwa uzi mbaya kuliko nyuzi zote kwa kazi hii, na hapa urahisi ulishinda ubora kwa miongo mingi. Pamba hunywa jasho na mafuta ya ngozi, huchoka kwa jua, na hukatwa upesi na kingo za kioo. Dawa yake ilikuwa nta: uzi huvutwa mara kadhaa juu ya kipande cha nta ya nyuki, vinyweleo hulala, na uzi huteleza tunduni badala ya kusagika. Dawa ya pili ilikuwa kupitisha uzi mara mbili katika kila ushanga, jambo linalowezekana tu kama uzi ni mwembamba vya kutosha. Uzi mwembamba uliopita mara mbili hushinda uzi mnene uliopita mara moja, kwa sababu mmoja ukikatika mwingine hubaki umeshika. Kazi za zamani zilizoshonwa kwa njia hiyo ndizo zilizofika leo zikiwa nzima.

Reli ilipofika Arusha mwaka 1929 ikitokea Moshi, bei ya bidhaa hizi ndogo haikuwa tena ya kutisha, na barabara ya Nairobi kupitia Namanga ikafungua mlango mwingine. Wauzaji wa jumla wa shanga za Jablonec walikuwa Nairobi zaidi kuliko Dar es Salaam, na Arusha ikazoea kutazama kaskazini.

Ukosi bapa, lile pambo pana la duara linaloruka juu na chini mwanamke anapocheza, unastahili kuangaliwa peke yake, kwa sababu hauhitaji sindano hata moja. Mtungaji huchukua waya mwembamba wa chuma, huanza na duara dogo linaloizunguka shingo, na huingiza shanga mojamoja kwenye ncha ya waya. Duara la pili huwekwa nje ya la kwanza, la tatu nje ya la pili, hadi upana unaotakiwa. Kinachozuia maduara hayo yasipandane ni vipande vyembamba vilivyotobolewa mstari wa matundu, vikiwekwa kama mishale ya gurudumu kutoka ndani kwenda nje, na kila waya hupita kwenye tundu lake. Zamani vipande hivyo vilikatwa kwenye ngozi ngumu ya ng'ombe na kutobolewa kwa maharazi. Nafasi kati ya tundu na tundu lazima iwe sawa na upana wa ushanga. Ikizidi kidogo, ukosi huonyesha mwanga kati ya mistari, na ikipungua, ukosi hujikunja kama jani lililokauka. Kwenye kazi hii macho hupima na hakuna rula. Ukosi wa mtu mwenye mkono mzuri hulala bapa mezani bila kushikwa.

Misheni nazo zilileta ushonaji wa aina tofauti. Walutheri wa Leipzig walifungua vituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na popote misheni ilipoanzisha shule za wasichana, kushona na kudarizi vilikuwa sehemu ya masomo. Tukio jingine katika historia ya darizi hapa, ambalo husahaulika, ni ujio wa wakimbizi wa Kipolandi. Kati ya mwaka 1942 na 1952 Tengeru ilikuwa na kambi ya watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliotolewa makwao na Urusi ya Stalin na kufika Afrika kupitia Uajemi. Walijenga shule, kanisa na karakana, na kati ya kazi zao za mikono ilikuwamo darizi ya kwao. Makaburi yao bado yapo karibu na Ziwa Duluti.

Darizi ya kuhesabu nyuzi, hasa ile inayofanywa juu ya kanvasi yenye matundu wazi, hufuata kanuni ileile ya shanga ikiwa imegeuzwa. Kwenye shanga uzi lazima uwe mdogo kuliko tundu. Kwenye kanvasi uzi lazima ulijaze tundu, ili kitambaa cha chini kisionekane, lakini usilisukume likapanuka. Sindano yake ni butu, kwa sababu tundu lipo tayari na ncha kali ingepasua nyuzi za kanvasi, na tundu la sindano ni refu ili lipokee sufu nene. Kanvasi yenye matundu 14 kwa inchi huchukua sindano ya namba 20 au 22, na ya matundu 18 huchukua 22 au 24. Njia nyepesi ya kujua ni kuidondosha sindano tunduni: ikipita bila kuguswa ni nyembamba mno, ikikataa ni nene mno, na inayofaa hushuka kwa kusukumwa kidogo. Kanvasi haikuenea kwenye nyumba za Meru. Kilichoenea ni vitambaa vya makochi na vya meza, vilivyofumwa au kudariziwa kwa uzi wa pamba unaong'aa juu ya kitambaa cha kawaida, na hadi leo ni nyumba chache za Usa River au Poli ambazo sebule zake hazina angalau kimoja.

Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938, na baada ya vita vya pili vya dunia ilifika Afrika Mashariki kwa sura ya mshipi wa kuvulia na nyuzi za nyavu. Mtunga shanga aliipokea mara moja. Haiozi, wadudu hawaitaki, jasho haliingii, na ncha yake hukaa ngumu kama ya kano, kwa hiyo sindano inaweza tena kuachwa. Kasoro yake ni kuteleza: fundo hufunguka lisipochomwa kwa moto, na mshipi mnene hufanya mkufu ukae kama waya badala ya kulala kifuani.

Wakati huohuo mavazi yalikuwa yakibadilika. Ngozi zilizonakshiwa shanga zilikuwa zikipisha nguo ya pamba, na mwaka 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi, rubega na udongo mwekundu na kuvaa suruali na magauni. Kampeni hiyo haikudumu. Shanga ziliihama ngozi na kwenda kwenye nguo, na nguo ilidai sindano nyembamba na yenye ncha, mahali ambapo zamani maharazi yalitosha.

Pigo kubwa zaidi lilitoka mpakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Namanga haikufunguliwa rasmi mpaka mwishoni mwa mwaka 1983. Ndani ya nchi kulikuwa na uhaba wa karibu kila kitu kinachoagizwa nje, kuanzia sabuni hadi sindano. Shanga zikakosa njia yake ya kawaida, na uzi mzuri nao pia. Mifuko ya salfeti, ile iliyofumwa kwa tepe bapa za plastiki na kujazwa mahindi au sukari, ilishika nafasi. Mtungaji huvuta utepe mmoja kutoka kwenye ukingo wa mfuko, huupasua kwa kucha kuwa nyuzi mbili au tatu, huzisokota juu ya paja kwa kiganja, kisha huzirudisha kinyume ili zijifunge pamoja. Ncha huweza kuchomwa kidogo na kuviringishwa kwa vidole ikiwa bado ina joto, na ikipoa huwa kali. Ni kazi ileile ya kano, kwa mikono ileile, na malighafi haina gharama. Madumu na ndoo nyeupe zilizochakaa nazo zikaanza kukatwa vipande badala ya ngozi ngumu ya kupangia mistari ya ukosi. Wapenzi wa mambo ya kale huyaona haya kuwa uharibifu. Kwa hesabu ya kazi yenyewe ni nafuu: plastiki haivimbi kwa mvua, haiozi, na hukatika kwa mstari ulionyooka, ndiyo maana kosi za miaka ya baadaye ni pana na sawa kuliko za zamani.

Utalii ulibadilisha mnunuzi. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha mwishoni mwa muongo huohuo, na kuanzia mwaka 1995 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ikaleta mjini wageni wengi wenye mishahara. Soko la vinyago na shanga la Barabara ya Fire likakua. Bidhaa ya kuuzwa kwa mgeni hutengenezwa haraka, na uzi wa cherehani wa polista, ambao ni wa bei nafuu na wa rangi zote, ukawa wa kawaida. Huvumilia kuliko pamba, ila usipotungwa mara mbili hauchukui uzito wa ushanga mwingi. Baada ya mwaka 2000 vikundi vya wanawake vikaanza kuuza nje kwa viwango, Tanzania Maasai Women Art inayofanya kazi na wanawake wa kaskazini ya Meru ikiwa mfano mmoja, na mteja wa Ulaya hurudisha mkufu uliokatika. Hapo uzi ukarudi kuwa suala la kujadiliwa mezani: nailoni maalumu ya shanga iliyosokotwa na kupakwa nta kwa kazi laini, uzi mnene wa ngozi kwa mikanda na kandambili, na waya uliopakwa rangi ili usishike kutu kwa kosi.

Kwenye maduka ya vifaa karibu na Soko Kuu na kwenye magenge ya Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, sindano huuzwa kwa pakiti zenye namba mchanganyiko, na uzi kwa rola. Mnunuzi mzoefu hubeba ushanga mmoja mmoja wa kazi aliyonayo na kujaribu pale pale. Shanga za Kicheki hugharimu zaidi ila matundu yake yanalingana, kwa hiyo sindano moja hufanya kazi yote. Za bei ya chini kutoka Asia huwa na matundu yasiyo sawa, na mtungaji hutenga kando zile zilizoziba kabla ya kuanza. Mkufu wa bibi ukikatika, shanga zake huokotwa, huoshwa kwa maji ya sabuni na kutungwa upya kwa uzi wa leo. Ndiyo maana mkufu mmoja unaweza kuwa na kioo kilichovuka bahari wakati wa Wajerumani na uzi uliotoka kwenye mfuko wa unga wa mwaka jana.